Kutu Chini ya Gari: Namna ya Kuikagua, Kuizuia na Kuirekebisha Kabla Haijaleta Maafa

Wamiliki wengi wa magari katika Kaunti ya Kwale huosha bodi, hupiga rangi ikang'aa na kubadilisha oili kwa wakati. Sehemu ambayo wengi hawaitazami kamwe ni ile iliyo chini ya gari. Hata hivyo, hapo ndipo palipo vyuma vinavyobeba injini, magurudumu, viti, mikanda ya usalama na abiria wote. Chuma hicho kikioza, rangi nzuri ya juu haimsaidii mtu yeyote.

Makala haya yanaeleza kazi ya vyuma vya chini, kwa nini huoza haraka katika ukanda wa Pwani, jinsi mwenye gari anavyoweza kuvikagua mwenyewe, na tofauti kati ya fundi anayerekebisha kutu na yule anayeificha. Tofauti hiyo ndiyo jambo kuu. Shimo lililofunikwa kwa puti na rangi nyeusi ni hatari kuliko shimo linaloonekana, kwa sababu abiria na mnunuzi hudhani gari ni zima.

Vyuma vya chini hufanya kazi gani?

Magari hujengwa kwa namna mbili kuu. Namna ya kwanza ni ile yenye chasisi ya ngazi. Hii ni miti miwili mirefu ya chuma kinene iliyolala kutoka mbele hadi nyuma, ikiunganishwa na vyuma vya kukingama kama vipandio vya ngazi. Bodi hukaa juu yake na kufungwa kwa bolti. Malori, pikapu nyingi kama Toyota Hilux, Land Cruiser za kazi, na matatu kubwa zilizojengwa juu ya chasisi ya lori ni za aina hii.

Namna ya pili ni ile isiyo na chasisi ya peke yake. Sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa vimeunganishwa vikawa kitu kimoja, na bodi nzima ndiyo inayobeba mzigo. Magari mengi madogo ya saluni na magari ya familia, pamoja na Toyota Probox zinazotumika sana kwa biashara, yamejengwa hivi. Bati la sehemu nyingi za bodi hizi halifiki unene wa milimita moja. Nguvu yake hutokana na namna lilivyokunjwa na kuunganishwa kuwa masanduku marefu yenye uwazi ndani.

Tofauti hii ni muhimu kwa mwenye gari. Katika gari lenye chasisi ya ngazi, tundu kwenye sakafu huenda lisidhoofishe mhimili mkuu, ingawa bado linahitaji kurekebishwa. Katika gari lisilo na chasisi ya ngazi, kizingiti cha mlango kilichooza ni sawa na nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa. Nyumba bado imesimama, lakini hakuna ajuaye itahimili upepo gani.

Ajali inapotokea, vyuma hivi hupokea kishindo. Vile vya mbele vimetengenezwa vijikunje kwa utaratibu ili kupunguza nguvu ya mgongano kabla haijafika kwa dereva na abiria. Mikanda ya usalama nayo imefungwa kwenye sakafu, vizingiti na nguzo. Chuma kinachoshika mkanda kikiwa kimeoza, mkanda unaweza kung'oka wakati ule ule abiria anapouhitaji.

Kwa nini kutu huja haraka Pwani?

Kutu ni chuma kilichoungana na hewa ya oksijeni mahali penye maji. Chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matamu, na kutu huendelea kwa njia ya umeme mdogo kwenye uso wa chuma. Lita moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi. Maji yenyewe yakikauka, chumvi hubaki. Unyevu wa usiku ukirudi, chumvi hiyo huuvuta na kazi ya kutu huanza tena.

Katika Kwale, chumvi hulifikia gari kwa njia nyingi. Upepo wa kusi huleta mvuke wa bahari hadi kwenye maegesho ya Diani, Gazi na Msambweni. Magari yanayovuka Likoni hupita kwenye njia ya kupandia feri ambayo hulowa maji ya bahari, hasa wakati wa maji kujaa. Pikapu zinazobeba samaki kutoka Vanga na Shimoni hudondosha maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi, na maji hayo hupenya kwenye sakafu ya nyuma hadi juu ya chasisi. Wapo pia wanaoingiza gari ufuoni kupakia mashua au mizigo.

Njia moja ambayo wengi hawaifikirii ni maji ya kuoshea. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi. Gari linaloshwa kila wiki kwa maji kama hayo huonekana safi, ilhali kila muosho huacha chumvi kidogo kwenye pembe na mikunjo ya chini. Mwenye gari anafaa kuuliza kituo cha kuosha magari kinatumia maji gani. Kuonja tone moja la maji kwenye ncha ya ulimi kunatosha kujua kama yana chumvi.

Wakazi wa bara, kama vile Kinango na Samburu, wako mbali na mvuke wa bahari, lakini wana tatizo lao. Barabara za changarawe hurusha mawe yanayobandua rangi ya kinga, na matope ya masika na vuli hukwama juu ya ekseli, ndani ya mapango ya magurudumu na juu ya chasisi. Tope lililokauka kwa nje huweza kubaki na unyevu ndani kwa siku nyingi, na chuma kilichofunikwa nalo huoza polepole bila mtu kuona.

Kutu mbaya zaidi huanzia ndani. Masanduku ya chuma yaliyo chini ya gari yana matundu madogo ya kutolea maji. Matundu hayo yakizibwa na tope, mchanga au rangi nzito, maji hukaa ndani. Siku kutu inapotokeza nje kama kipele kwenye rangi, huenda bati la ndani limekwisha kuliwa.

Dalili ambazo dereva anaweza kuziona

Kabla hata ya kuinama chini ya gari, kuna dalili zinazoonyesha kuwa vyuma vya chini vina shida:

- Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unahitaji kuinuliwa au kupigwa kwa nguvu.
- Nafasi kati ya mlango na bodi ni pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili.
- Gari linalia kama kitanda kikuukuu likipita kwenye matuta.
- Tairi moja inalika upande mmoja, au gari linavuta kushoto au kulia hata baada ya kupimwa mpangilio wa magurudumu.
- Zulia la sakafu linalowa mvua ikinyesha au gari likipita kwenye dimbwi.
- Harufu ya moshi wa ekzosi inasikika ndani ya gari.

Dalili ya mwisho isipuuzwe hata siku moja. Moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu yake yenyewe. Ikiingia kupitia matundu ya sakafu, huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na usingizi, na inaweza kuua. Abiria wakilalamika kuumwa na kichwa kila wasafiripo katika gari fulani na kupata nafuu wakishuka, gari hilo lisimamishwe na likaguliwe ekzosi na sakafu.

Kukagua chini ya gari bila kuhatarisha maisha

Gari dogo huwa na uzito wa takriban tani moja au zaidi. Jeki imetengenezwa kwa kuinua gari na si kulishikilia wakati mtu yuko chini yake. Jeki ya mafuta inaweza kushuka ghafla mpira wake ukichakaa, na ile ya kukunjua inaweza kuteleza kwenye mchanga.

Jambo la kuepukwa kabisa ni kuegemeza gari juu ya mawe ya matumbawe au matofali ya saruji yenye matundu. Mawe ya matumbawe ni mazuri kwa kujengea ukuta, ambapo uzito husambazwa, lakini yakibanwa na ncha ya chuma yanaweza kupasuka ghafla bila kutoa dalili. Njia salama ni kuegesha gari mahali palipo sawa na pagumu, kuweka vizuizi kwenye magurudumu, kuinua kwa jeki kwenye sehemu iliyoonyeshwa katika kitabu cha gari, kisha kuliweka juu ya stendi za chuma zinazohimili uzito wake. Gari litikiswe kidogo kwa mkono kabla ya mtu kuingia chini. Asiye na stendi aende kwenye gereji yenye shimo au mashine ya kuinulia.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tochi yenye mwanga mkali, bisibisi yenye mpini mgumu, brashi ya waya, miwani ya kukinga macho na simu ya kupigia picha. Gari lioshwe chini siku moja kabla na liachwe likauke, kwa sababu tope huficha mengi.

Ukaguzi ufuate mpangilio, kutoka mbele kwenda nyuma:

1. Fremu inayobeba injini na mikono ya magurudumu ya mbele. Tazama nyufa karibu na bolti na mahali palipochomelewa.
2. Miti ya chasisi au masanduku marefu ya sakafu, pande zote mbili. Tazama mikunjo, ambayo ni dalili ya ajali ya zamani.
3. Vizingiti chini ya milango, hasa mwisho wake karibu na magurudumu ya nyuma.
4. Sakafu chini ya miguu ya dereva na abiria. Inua mazulia uitazame pia kwa juu.
5. Mahali mikanda ya usalama na viti vilipofungwa.
6. Mahali springi na shoka za nyuma zinaposhika bodi au chasisi. Hapa ndipo mzigo wote hutua.
7. Mabomba ya breki na ya mafuta. Bomba la breki lenye kutu ya magamba libadilishwe, wala si kupakwa rangi.
8. Tangi la mafuta na mikanda ya chuma inayolishika.
9. Matundu ya kutolea maji. Yazibue kwa waya laini.

Gonga chuma kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na kurudisha mpini. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito iliyofifia, kama ya kugonga kadibodi. Palipo na shaka, kandamiza kwa ncha ya bisibisi. Ikiwa chuma kinabonyea au kinapasuka, hiyo si kutu ya juu tena.

Kutu ya juu ni ule unga mwekundu unaoondoka kwa brashi na kuacha chuma kigumu chini yake. Hiyo hutibika kwa rangi. Kutu ya magamba, inayobanduka vipande kama gome la mti, imeshapunguza unene wa chuma na ni lazima fundi aipime. Tundu, hata dogo kama pesa ya shilingi, karibu na springi, mkanda wa usalama au mkono wa gurudumu, ni sababu ya kutolitumia gari mpaka lirekebishwe.

Matunzo yanayopunguza gharama

Matunzo ya vyuma vya chini hayahitaji vifaa vya ghali. Baada ya kuvuka feri wakati wa maji kujaa, kupita kwenye mafuriko, kubeba samaki au kuingia ufuoni, gari lioshwe chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo au kesho yake. Maji yaelekezwe juu ya chasisi, ndani ya mapango ya magurudumu na kwenye mikunjo. Mpira wa kawaida wa maji unaotiririka kwa muda huondoa chumvi vizuri. Mashine ya shinikizo kubwa isielekezwe kwa karibu kwenye viunganishi vya nyaya na mipira ya ekseli.

Magari yasioshwe mitoni wala kwenye mabwawa. Oili na grisi huingia kwenye maji yanayotumiwa na watu na mifugo walio chini ya mkondo.

Kwa gari linalofanya kazi karibu na bahari, ukaguzi kamili mara mbili kwa mwaka unafaa: mara moja kabla ya masika na mara moja baada ya vuli. Mahali rangi ya kinga ilipobanduka pasafishwe, pakaushwe na kupakwa upya mara moja. Ndani ya masanduku ya chuma, fundi anaweza kupuliza nta maalumu ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyopo. Nta hiyo hupenya kwenye mishono ambayo brashi haiwezi kufika. Baada ya kazi hiyo, matundu ya maji yahakikishwe kuwa wazi.

Desturi ya kupaka oili chafu ya injini chini ya gari bado ipo katika baadhi ya gereji. Ni kweli kwamba mafuta huzuia maji kwa muda, lakini oili iliyotumika ina madhara mengi. Huharibu bushi na mipira, hushika vumbi na mchanga, hudondoka ardhini na kuingia kwenye visima, ina kemikali zinazodhuru ngozi, na huwaka kwa urahisi fundi akija kuchomelea baadaye. Iwapo itamwagikia diski au pedi za breki, gari halitasimama.

Kupaka rangi nzito ya lami juu ya kutu nako ni kosa. Rangi hiyo hufaa kwenye chuma safi na kikavu. Ikipakwa juu ya kutu, hufungia unyevu ndani, na chuma huendelea kuoza bila kuonekana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua.

Urekebishaji unaofaa na usiofaa

Chuma kikishatoboka, dawa yake ni moja: kukata sehemu yote iliyooza mpaka kufikia chuma kizima, kisha kuchomelea kipande kipya chenye unene na umbo sawa na kile kilichoondolewa. Puti, faibaglasi na bati lililobandikwa kwa gundi haviwezi kubeba mzigo. Kuchomelea kiraka juu ya chuma kilichooza pia hakufai, kwa sababu mshono hushika ukingo dhaifu ambao utakatika.

Kazi nzuri hufuata hatua hizi:

Kwanza, fundi hukwangua na kusafisha eneo lote ili kujua kutu imefika wapi. Bei ya mwisho haiwezi kujulikana kabla ya hatua hii, na mwenye gari anapaswa kuelewa hivyo. Ni vyema apige picha za eneo lililofunguliwa.

Pili, hatari za moto huondolewa. Mazulia na viti vya karibu hutolewa. Mabomba ya mafuta na breki yaliyo karibu hufunguliwa au kukingwa, na tangi la mafuta hushushwa ikiwa kazi iko karibu nalo. Kizima moto na ndoo ya mchanga huwa karibu, na mtu wa pili huangalia ndani ya gari wakati wa kuchomelea. Tangi la petroli lisichomelewe kamwe kwa sababu tu ni tupu. Mvuke unaobaki ndani unaweza kulipuka.

Tatu, betri hufunguliwa, na kwa magari ya kisasa fundi hufuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kompyuta ya injini na mifuko ya hewa. Waya wa ardhi wa mashine hushikizwa karibu na mahali panapochomelewa ili umeme usipite kwenye beringi na vifaa vya elektroniki.

Nne, gari huegemezwa ipasavyo ili lisipinde. Vizingiti vya pande zote mbili visikatwe kwa wakati mmoja. Gari lisilo na chasisi ya ngazi linaweza kulegea katikati, na likichomelewa likiwa limelegea, milango haitafunga tena.

Tano, kipande kipya huchomelewa. Kwa bati jembamba, mashine ya waya inayotumia gesi ya kinga hufaa kuliko ile ya vijiti, ambayo hutoboa bati kwa urahisi. Fundi huchomelea vipande vifupi vifupi akihama mahali, ili joto lisikusanyike na kupinda chuma.

Sita, mshono husafishwa na kupakwa rangi ya msingi yenye zinki, kisha hupakwa dawa ya kuziba mishono, rangi ya juu, na nta kwa ndani. Fundi akiacha hatua hii, kutu itarudi kwenye mshono mpya, kwani joto la kuchomelea huwa limeunguza kinga yote ya pande mbili.

Chasisi ya ngazi ya lori au matatu ina masharti yake. Watengenezaji wengi hukataza kutoboa au kuchomelea kingo za juu na za chini za miti mikuu, kwa kuwa ndiko nguvu kubwa hupita. Ufa ukionekana, haitoshi kuujaza. Ni lazima fundi ajue ulikoanzia, iwe ni mzigo kupita kiasi, springi iliyovunjika au bolti zilizolegea, la sivyo utarudi kando ya mshono. Kuunyoosha mti wa chasisi kwa kuupasha moto hadi uwe mwekundu hupunguza nguvu ya chuma chake.

Kuhusu gari lililogongwa, upimaji rahisi unaweza kuonyesha kama limepinda. Fundi huchagua matundu manne yanayolingana chini ya gari, mawili mbele na mawili nyuma, kisha hupima kwa utepe kutoka kona hadi kona mkabala. Ikiwa mistari miwili inayokatana haina urefu sawa, vyuma vimesogea. Kazi ya kuvirudisha huhitaji benchi la kunyooshea na vipimo vya mtengenezaji. Kufunga gari kwenye mnazi na kulivuta kwa mnyororo hakurudishi vipimo hivyo.

Anayenunua gari afanye nini?

Magari mengi yanayoingizwa Kenya hutoka Japani yakiwa yametumika. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, na gari hukaguliwa kabla ya kusafirishwa. Lakini umri peke yake hauelezi hali ya chini. Katika maeneo ya kaskazini ya Japani, chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, na gari la miaka 6 kutoka huko linaweza kuwa na kutu kuliko gari la miaka 12 lililotunzwa Kinango.

Mnunuzi aombe karatasi ya mnada ya gari. Katika karatasi nyingi za minada ya Japani, herufi S huonyesha kutu na herufi C huonyesha chuma kilicholiwa. Gari lililopewa daraja la R limewahi kurekebishwa baada ya ajali. Gari lililopakwa rangi mpya nyeusi chini, mpaka kwenye bolti, bushi na ekzosi, litiliwe shaka na likaguliwe kwa kugonga. Ada ya kumlipa fundi asiye na uhusiano na muuzaji ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kununua gari lililooza.

Nambari ya chasisi ilinganishwe na ile ya kitabu cha usajili. Wakati wa ukarabati, sehemu yenye nambari hiyo isikatwe wala kusagwa. Kubadilisha chasisi, injini au muundo wa bodi ni jambo linalopaswa kuandikishwa upya katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA).

Sheria na majukumu

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka kila anayeendesha gari barabarani ahakikishe liko katika hali isiyohatarisha abiria wala watumiaji wengine wa barabara. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka, na miadi ya ukaguzi huwekwa kupitia huduma za serikali mtandaoni. Cheti cha ukaguzi huonyesha hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakimwondolei mwenye gari wala dereva wajibu wa siku nyingine zote za mwaka.

Ukaguzi wa magari ni kazi ya serikali ya kitaifa. Serikali za kaunti zina jukumu la barabara za kaunti, maegesho, uzoaji taka na vyuo vya ufundi vya mashinani, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Vijana wanaotaka kujifunza kuchomelea na ufundi wa magari wanaweza kuuliza katika chuo cha ufundi kilicho karibu nao. Mafundi wa jua kali wenye uzoefu lakini wasio na vyeti wanaweza kufanyiwa majaribio ya ufundi na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), wakapata cheti kinachotambulika.

Abiria naye ana nafasi yake. Anayeona barabara kupitia tundu la sakafu ya matatu, au kiti kinachoyumba kwa sababu bati lililokishika limeoza, anayo haki ya kukataa kupanda. Wazazi wanaolipia magari ya shule wanaweza kuomba kuona cheti cha ukaguzi na kuuliza ni lini gari lilikaguliwa chini mara ya mwisho.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kazi kuanza

- Utakata chuma kilichooza, au utaweka kiraka juu yake?
- Bati jipya lina unene gani ukilinganisha na la zamani?
- Utatumia mashine gani kuchomelea?
- Utaondoa nini ndani ya gari ili kuzuia moto?
- Utapaka nini kwenye mshono, ndani na nje?
- Nitaruhusiwa kuona kazi kabla haijapakwa rangi?

Swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Fundi anayejiamini atamwita mwenye gari atazame mshono ukiwa bado mtupu, aupapase na kuupiga picha. Anayesisitiza kupaka rangi kwanza aulizwe sababu, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka gari liwe limeinuliwa na kazi kuonekana.